Kuzungukia harusi za watu kabla ya yako: tupeane uzoefu (Kigoma, na Tabora mnakaribishwa)

Mtu wa Gungu: Harusi za Agosti zinakuja na wachumba wameanza kuzunguka kumbi za Mwanga wakipiga picha mapambo. Picha hazitawasaidia. Angalieni saa. Mgeni mmoja hutumia kama nusu dakika mbele ya bafee, kwa hiyo watu 200 kwenye mstari mmoja ni dakika 100. Wa mwisho anakula MC ameshaaga. Meza ikiachwa wazi pande zote mbili inakuwa dakika 50, meza mbili za hivyo 25. Halafu tazameni nani kashika kijiko cha nyama. Nyama ikitangulia na hakuna mgawaji, meza za nyuma watakula wali na kachumbari. Iwekwe mwisho wa mstari, sahani ikiwa imeshajaa. Wengine ongezeni.

Binti Ujiji: Ndiyo maana huku tunakula sinia. Watu watano, mchele robo tatu kilo, basi. Vijana sita wamemaliza kulisha watu mia mbili bafee lenu halijafunguliwa.

Fundi Spika: Sinia ukumbini? Na magauni yale wakae mkekani?

Binti Ujiji: Meza ya duara ya watu kumi inabeba sinia mbili. Na nani kakwambia walima, yaani karamu ya ndoa, lazima ukumbi? Turubai uani linatosha.

Fundi Spika: Haya mama, tumeshindwa. Mimi nasema jenereta. Spika nne, taa za mapambo na friji mbili, usikubali jenereta ya nguvu chini ya 10 kVA. Friji inapoanza kuwaka huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake, jenereta ndogo inakohoa, mikisa ya sauti inazima katikati ya kiapo. Ukiwa mgeni, nenda nyuma ya ukumbi ukasome kibao cha jenereta. Ya kwako ijaribiwe vitu vyote vikiwa vimewashwa, siyo taa peke yake.

Jikoni Mwandiga: Mmesahau ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma. Kuna harusi watu wanaizungumza mpaka leo. MC kapandisha mzuka, ngoma, vigelegele, ndafu inaingia na majani mdomoni. Bibi harusi anakata paja amlishe mama mkwe, damu ikachuruzika mpaka kwenye kitambaa cheupe cha meza kuu. Mama mkwe mdomo keshafungua.

Mama Katubuka: WEEE! Akala?

Mtu wa Gungu: Tuambie alikula au hakula.

Jikoni Mwandiga: MC alifunika na wimbo, mbuzi akarudishwa jikoni. Kosa lilikuwa la mapema. Mbuzi katoka kwenye friza hajayeyuka ndani, halafu kachomwa kwa moto wa ndimi badala ya makaa. Nje anakuwa dhahabu, mfupani mbichi. Mbuzi wa kilo 12 hadi 15 anataka saa nne mpaka tano za makaa ya wastani, mapaja na mabega yakiwa yamechanjwa. Kabla hajatoka, choma kisu karibu na mfupa wa paja: maji yakiwa mekundu, asitoke hata MC akiita mara kumi.

Mama Katubuka: Bado hujasema kama alikula.

Mnyanyembe: Ndafu ni mbwembwe, futeni. Tabora angalieni tarehe. Michango inaingia tumbaku ikishalipwa. Kamati iliyoanza Januari inakusanya ahadi tu, siyo pesa.

Binti Ujiji: Na Kigoma angalieni ziwa. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa tangu 15 Mei hadi 15 Agosti. Aliyeonja migebuka ya mawese kwenye harusi ya Aprili akaiandika kwenye harusi yake ya Julai ajiandae kununua kuku. Kuku mmoja vipande 8. Wageni 250 ni kuku 32, ongeza 4 wa kamati maana lazima waibiwe.

Mnyanyembe: Wanne tu? Hiyo kamati ya malaika.

Fundi Spika: Na hao wachumba wanaingia kwa kadi gani? Kuzamia ni wizi. Sahani ya mtu imehesabiwa.

Mama Katubuka: Changieni hata kidogo mpewe kadi ya mmoja. Au mjitolee kugawa vinywaji: mtajua kreti ya soda ina chupa 24, na chupa ngapi zinarudi nusu zimejaa.

Jikoni Mwandiga: Sikubaliani. Mgawa vinywaji hana muda wa kutazama. Kaeni karibu na mlango wa jikoni, hesabuni sufuria zinazotoka na zinazorudi na chakula.

Mtu wa Gungu: Mwenye masinia ya kukodisha 40 aseme.

Binti Ujiji: Vikundi vya akina mama vinayo. Pakeni rangi ya kucha chini kabla hayajatoka ili myatambue yakirudi, tena rangi ya ajabu. Nyekundu kila mtu anayo.