Naomba ushauri: wiki ya utamaduni, nianze na ziara au mihadhara?

Wakuu, habari zenu. Kuna wiki nzima ya mazungumzo, mihadhara na ziara za kitamaduni jijini, na ratiba imebanana kweli kweli. Ziara za miguu kwenye majengo ya kale huchukua watu wachache, lazima ujiandikishe mapema. Mihadhara ni ya jioni, unaingia tu. Mimi naegemea ziara, maana mhadhara huenda ukarekodiwa, ila jengo linalofungwa mwaka mzima halitafunguliwa kwa ajili yangu. Mwenzangu anabisha: bila kumsikia mtaalamu kwanza, utaishia kutazama kuta. (Ana hoja, ila sijamwambia.)

Mliowahi kuhudhuria, mlipangaje? Ziara mbili kwa siku zinawezekana, hasa ukiwa na mtoto wa miaka 7?