Mjadala: Je, Matilda alistahili kuendelea kujiita Kaizari?

Mleta Mada: Matilda, binti wa Mfalme Henry I wa Uingereza, aliolewa mwaka 1114 na Kaizari Heinrich V wa Ujerumani, ambaye alifariki mwaka 1125. Miaka mitatu baadaye aliolewa na Geoffrey wa Anjou, kijana wa miaka 14, lakini hadi kufa kwake mwaka 1167 hakukiacha cheo cha Kaizari wa kike. Naona ni majivuno, kama mjane aliyeingia nyumba nyingine na bado anang'ang'ania jina la marehemu.

Kalamu Nyekundu: Mfano huo wa mjane umeniudhi. Cheo si kanga ya kuvuliwa. Mtu aliyevikwa taji la malkia huko Mainz akiwa na umri wa miaka minane ajishushe kwa kuwa babake amemwoza kwa mtoto? Tena, Stephen aliyekitwaa kiti cha enzi cha Uingereza mwaka 1135, ambacho Matilda naye alikidai, alikuwa mtoto wa shangazi yake Matilda, Adela. Yaani hata haki aliyoidai Stephen ilipitia kwa mwanamke.

Mleta Mada: Sijasema lolote dhidi ya wajane. Nasema cheo chenyewe kilikuwa na dosari, kwa kuwa sherehe ya kumvika taji huko Roma mwaka 1117 iliongozwa na Askofu Mkuu wa Braga (Ureno), si na Papa Paschal II, ambaye alikuwa amekimbia. Na mwaka 1141, Stephen akiwa mfungwa, aliyemnyang'anya Matilda mji wa London ni binamu yake, Matilda wa Boulogne, mke wa Stephen: jeshi la huyo mke lilipokaribia, wenyeji waliinuka wakamtimua Matilda binti wa Henry.

Mjukuu wa Bibi: Binamu? Mama zao, Edith na Mary, walikuwa dada, mabinti wa Malcolm III wa Uskoti. Watoto wa mama mkubwa na mama mdogo ni ndugu. Binamu hapo ni Stephen. Ndiyo maana David I wa Uskoti alikuwa mjomba wa wanawake wote wawili, ingawa aliapa mwaka 1127 kumtambua mmoja tu, binti wa Henry, kuwa mrithi wa Uingereza, na akaja kumpigania huyo huyo.

Mleta Mada: Kiingereza huwaita wote kwa neno moja, nami nilisoma historia hii kwa Kiingereza.

Mjukuu wa Bibi: Sheria ya Kirumi ilitofautisha watoto wa dada wawili na watoto wa kaka na dada. Usiwasingizie wahenga wa Ulaya uvivu wa lugha moja.

Kalamu Nyekundu: Mmeshamaliza ukoo? Maandishi ya kaburi la Matilda binti wa Henry yalimwita mkuu kwa kuzaliwa, mkuu zaidi kwa ndoa, na mkuu kupita yote kwa uzazi: binti, mke na mama wa Henry. Ni Henry watatu, kwa maana Heinrich ni Henry kwa Kijerumani, na wa mwisho ni mwanawe, Henry II, aliyeipata Uingereza mwaka 1154.

Mleta Mada: Na Geoffrey, baba wa huyo mtoto?

Kalamu Nyekundu: Hakutajwa.