Kifundo cha mguu kinanigeuka kila mara: operesheni hapa Dallas au nisubiri kwenda nyumbani?

Kutoka: kijana wa Dallas

Shikamooni wakubwa, na wa rika langu habari za kazi.

Naomba ushauri. Niliteguka kifundo cha mguu wa kushoto nikicheza mpira Morogoro, nikiwa kidato cha nne. Bibi mmoja alinichua, uvimbe ukashuka, baada ya wiki mbili nikarudi uwanjani. Tangu hapo kifundo hicho kinageuka chenyewe. Nikikanyaga kokoto, nikishuka ngazi, hata kwenye nyasi. Sasa nafanya kazi ghalani, zamu ya usiku, kwa muda wa saa kumi nimesimama. Wiki iliyopita kiligeuka nikiwa na boksi mikononi, nikaanguka. Daktari wa mifupa ameangalia picha ya MRI, anasema ligamenti mbili (kamba za kufunga mifupa) za upande wa nje zimelegea, moja ilikatika zamani ikajiunga vibaya. Anataka kunifanyia operesheni.

Mama anasema nirudi Dar nitibiwe Muhimbili, kule MOI, taasisi ya mifupa, nikiwa na watu wa kuniuguza. Wenzangu kazini wanasema kupasuliwa kifundo ni kujitafutia kilema. Mimi naogopa kupoteza kazi kuliko hata kisu. Nifanyeje?


Kutoka: dada yenu wa Columbus

Marahaba mdogo wangu, na pole sana.

Nilifanyiwa operesheni hiyo hiyo miaka miwili iliyopita, mguu wa kushoto kama wewe. Kazi yangu ni kuhudumia wazee. Siku niliyoamua, nilikuwa namhamisha bibi mmoja kutoka kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu, kifundo kikageuka, nikapiga goti chini huku nimemkumbatia. Hakuumia, Alhamdulillahi. Lakini alinikaba shingo kwa hofu, na mpaka nafika nyumbani nilikuwa bado naisikia mikono yake.

Kabla ya hapo kliniki moja ilikuwa imenirudisha nyumbani mara tatu na bandeji, bila mtu hata mmoja kunipima inavyopaswa. Kipimo chenyewe hakihitaji mashine. Daktari anashika muundi kwa mkono mmoja na kisigino kwa mwingine, kisha anakivuta kisigino mbele. Mguu usio na tatizo unakaza. Uliolegea unateleza kama droo. Daktari wa mifupa aliponifanyia hivyo niliona mwenyewe mguu wangu ukitoka mahali pake, nikalia pale pale, maana miaka yote niliambiwa ni uzembe wa kutembea.

Swali langu la kwanza kwako: umefanya fiziotherapia kwa dhati? Sisemi kuchuliwa. Nasema mazoezi, miezi mitatu, chini ya mtaalamu. Ukiteguka haiharibiki ile kamba ya kufunga mifupa peke yake. Ndani ya kamba hiyo mna mishipa ya fahamu inayoupa ubongo habari za namna mguu ulivyokaa, na habari hizo zikichelewa, misuli ya upande wa nje wa mguu nayo inachelewa kukaza, na wewe uko chini tayari. Ndiyo maana mazoezi yenyewe yanaonekana ya kitoto: kusimama kwa mguu mmoja ukipiga mswaki, halafu macho yamefumbwa, halafu juu ya mto. Kuvuta utepe wa mpira kwa upande wa nje wa unyayo mpaka muundi uwake moto. Wapo wanaopona kwa hayo tu. Mimi niliyafanya miezi minne, nikapata nguvu kweli, lakini kifundo kiliendelea kugeuka. Hapo ndipo operesheni ikawa na maana. Kama wewe hujayafanya, usikubali tarehe bado, na bima nyingi zitakudai karatasi zake kabla ya kutoa kibali.

Sasa kuhusu huo ukilema. Operesheni inaitwa Broström, kwa jina la daktari wa Sweden aliyeieleza mwaka 1966. Haibadilishi kifundo kwa chuma. Wanachukua ligamenti zako mwenyewe zilizolegea, wanazifupisha, wanazishona upya kwenye lile nundu la mfupa upande wa nje wa kifundo. Mwaka 1980 Mmarekani Gould akaongeza kuvuta utando ulio jirani na kuushonea juu yake kama kiraka. Siku hizi baadhi ya madaktari huweka pia utepe wa nyuzi ngumu wa kuzilinda wakati zinapona. Ligamenti zikiwa zimechakaa kabisa, au kama viungo vyako ni vilegevu kwa kuzaliwa, huchukua kano kutoka sehemu nyingine. Muulize daktari wako anakusudia ipi, na kama ataingiza kamera ndogo kuangalia gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, kwa sababu kifundo kilichogeuka miaka mingi huwa kimejikwangua ndani.

Kuna mambo ambayo hapa hawatakuuliza usipoyasema. Kama una sikoseli, au hata ukiwa umebeba vinasaba vyake tu, waambie wote wawili, mpasuaji na daktari wa usingizi, maana wanafunga mpira wa kukaza mguuni ili damu isiingie kwenye eneo la kazi. Kama makovu yako huota na kuwa manene, sema pia. Dada wanaosoma hapa, mkitumia vidonge vya uzazi wa mpango vitajeni, vinaongeza hatari ya damu kuganda. Na kama Kiingereza cha hospitali kinakupa shida, omba mkalimani wa Kiswahili. Ni bure na ni haki yako. Usimpe mtoto kazi hiyo.

Nilirudi nyumbani siku ile ile. Walinidunga ganzi nyuma ya goti, mguu ukawa kama gogo la mtu mwingine lililolazwa kwenye mito. Muuguzi alisisitiza nimeze dawa kabla ganzi haijaisha. Sikumeza, kwa kuwa sikusikia maumivu yoyote. Saa tisa usiku kidole gumba kilianza kuchezacheza, na nyuma yake maumivu yakajaa kama maji ya bamvua. Saa tatu zilizofuata ndizo mbaya kuliko zote. Baada ya siku ya nne ilikuwa kazi ya kuvumilia tu, mguu umeinuliwa juu kuliko moyo.

Wiki mbili za kwanza sikukanyaga kabisa, nilikuwa na hogo nusu, yaani plasta ngumu ya upande mmoja, na magongo. Nyuzi zilipotolewa nikavaa buti ngumu, nikaanza kukanyaga kidogo kidogo. Wiki ya sita nikatoka kwenye buti nikaingia kwenye mkanda wa kifundo, na fiziotherapia ikaanza kwa nguvu. Kazi ya kuinua watu nilirudi mwezi wa nne. Daktari wako atakuwa na ratiba yake, fuata yake si yangu, lakini usimwamini mtu anayekwambia utakuwa ghalani baada ya mwezi.

Naishi ghorofa ya pili. Ngazi nilizipanda na kuzishuka kwa makalio, magongo nimeyabana kwapani. Nilioga nimekaa kwenye kigoda cha plastiki, mguu nje ya beseni umefungwa mfuko wa taka, maji kwa kata na ndoo kama Tanga. Udhu nilipangusa juu ya hogo. Swala niliswali kwenye kiti, na hili nataka wenzangu Waislamu walisikie vizuri. Kile kikao cha kukalia mguu wa kushoto ndicho hasa kinachovuta ligamenti zilizoshonwa. Nilimwonyesha mtaalamu wa mazoezi kikao hicho, pale pale kwenye zulia lake. Hakuwahi kukiona. Akakiweka kuwa shabaha yetu, tukakifikia mwezi wa sita. Kwa hiyo usiseme tu "nataka kutembea." Mwonyeshe maisha yako yalivyo.

Kuhusu kwenda nyumbani: MOI wanajua mifupa, hilo silipingi hata kidogo. Ila kutoka Dallas mpaka Dar ni zaidi ya saa ishirini na kungojea ndege katikati, na mguu uliotoka kupasuliwa haukai kwenye kiti muda huo bila hatari ya damu kuganda. Maana yake ukienda, uende kwa miezi, sio wiki tatu za likizo. Mama yako ana haki kwenye jambo moja: unahitaji watu. Mimi nililetewa chakula kwa zamu wiki tatu na akina mama wa hapa, na kuna asubuhi nisingeinuka bila wao. Tutakutafutia watu Dallas.

Na shika hili hata ukisahau mengine yote: ukiona kigimbi kimevimba na kuuma upande mmoja, mpigie daktari siku hiyo hiyo. Kifua kikibana au pumzi ikikata, piga 911, usingoje asubuhi.


Kutoka: mzee wa Minneapolis

Kijana, dada amemaliza habari za mguu. Mimi nitasema za karatasi, maana nimeona Wakenya wenzangu hapa wakipoteza kazi na mguu umepona vizuri.

Kwanza, ulianguka kazini ukiwa umebeba boksi. Uliripoti? Kama bado, andika leo, na ubaki na nakala. Usiseme ni jeraha la zamani kwa hivyo si neno. Ukweli wote uandike, la zamani na la wiki jana. Na kwa kuwa uko Texas, uliza ofisi ya wafanyakazi kama kampuni ina bima ya ajali kazini, kwa sababu Texas mwajiri binafsi halazimishwi kuwa nayo. Jibu hilo ndilo litakuonyesha ni mlango upi wa kubisha.

Pili, FMLA, sheria ya Marekani ya 1993 ya likizo ya ugonjwa na familia. Inakupa likizo ya mpaka wiki 12 bila mshahara, kazi yako ikilindwa na bima ya afya ikiendelea, ila uendelee kulipa sehemu yako. Masharti: uwe umefanya kazi hapo miezi 12, saa 1,250 katika mwaka uliopita, na kampuni iwe na wafanyakazi 50 ndani ya maili 75. Kama uliingia kwa wakala, hesabu hizo zichunguze mapema. Mpwa wangu alipanga operesheni akiwa na miezi kumi na moja kazini. Angengoja wiki tano angelindwa.

Wiki 12 hazina mshahara, kwa hivyo angalia kama ulijiandikisha bima ya ulemavu wa muda mfupi ulipoajiriwa. Ukijiandikisha sasa, baada ya daktari kuandika operesheni, wanaweza kukataa.

Tatu, pesa. Mwombe karani wa daktari namba ya operesheni. Broström mara nyingi hulipishwa kwa namba 27698. Piga simu bima nayo mkononi, uliza kama kibali kimetolewa, na uliza umebakiza kiasi gani cha mfuko wako kabla wao hawajaanza kulipa. Plani nyingi kiasi hicho huanza upya Januari, kwa hivyo ukipasuliwa Desemba na fiziotherapia ukaifanya Februari, utalipa mara mbili. Bili hazitakuja moja. Itakuja ya mpasuaji, ya jengo, ya daktari wa usingizi, na ya buti peke yake. Tangu 2022, kama hospitali iko ndani ya mtandao wa bima yako, daktari wa usingizi aliye nje ya mtandao haruhusiwi kukutumia bili ya ziada. Ikija, usilipe kwa woga, wapigie bima. Na hospitali zisizo za faida zina fomu ya msaada wa kifedha. Iombe kwa jina, mara nyingi hawaitangazi.


Kutoka: kijana wa Dallas

Nawashukuru sana. Nimeripoti jana, nina nakala. Kampuni ina bima ya ajali. Kazini nimetimiza mwaka na miezi mitatu, saa zinatosha.

Mazoezi, dada, nilifanya mara nne tu nikaacha kwa sababu ya zamu. Nimerudi kwa daktari nikamwambia kweli, amenipa miezi mitatu ya fiziotherapia na mkanda wa kifundo, kisha tuamue. Kazini wameniweka meza ya kukagua mizigo kwa sasa. Mama nimemsomea barua yako yote kwenye simu. Alinyamaza muda, kisha akauliza ni nani atakuwa ananipikia.

Maswali mawili: nikifika kwenye operesheni nitaweza kuendesha gari? Na ganzi juu ya unyayo, ni kweli hubaki?


Kutoka: dada yenu wa Columbus

Umefanya vizuri kusema kweli kwa daktari.

Gari: mguu wako ni wa kushoto kama wangu, na kwa gari la otomatiki mimi niliruhusiwa mara nilipoacha vidonge vikali vya maumivu. Ungekuwa wa kulia ungengoja mpaka utoke kwenye buti na uweze kukanyaga breki kwa ghafla bila kusita.

Ganzi: mshipa wa fahamu unapita karibu sana na pale wanapochana. Kwangu kuna sehemu ndogo juu ya unyayo, ukubwa wa sarafu, ilikufa ganzi kwa miezi minane na sasa imerudi nusu. Kwa wengine hurudi yote, kwa wengine hairudi. Mwambie daktari akueleze kabla hujatia sahihi.

Mwambie mama kwamba nimekwisha pata majina ya akina mama wanne wa Dallas, na mmoja ni wa Morogoro. Skuta yangu ya goti, ile ya magurudumu unayowekea goti badala ya kukanyaga, bado ninayo, breki tu ndiyo ya kukazwa. Kuna ndugu yetu anaendesha lori Columbus hadi Dallas kila baada ya wiki mbili. Miezi mitatu ikiisha na ikaamuliwa ni operesheni, niambie tarehe nimpe aibebe.