Tulitia sahihi langoni, sasa ubao uliooza umekuwa kosa letu

Wenzangu wa Nairobi mnaopenda kulala kwenye mahema wikendi, someni hii kabla hamjatuma M-Pesa mahali popote.

Jumamosi mbili zilizopita tulienda watu sita kupiga kambi upande wa Ngong. Jina la mahali silitaji kwa sababu kesi inakuja. Tulilipa shilingi 2,500 kila mtu. Tulifika giza likiwa limeshaingia, na langoni askari akatupa fomu ya kurasa mbili, kalamu moja na mwanga wa simu yake. Nyuma yetu magari yanapiga honi. Tukatia sahihi wote sita, na hakuna hata mmoja aliyesoma.

Saa nne usiku dada yangu mdogo akaenda choo. Njia yenyewe ni ngazi za mbao zinazoteremka bondeni, bila taa, bila mahali pa kushika. Alikuwa na tochi, amevaa viatu vya kamba, na hakuwa ameonja pombe. Nayasema haya mapema kwa sababu maswali yenu nayajua. Ubao wa nne ukavunjika, mguu ukazama hadi gotini, mwili ukaangukia upande mwingine. Kifundo cha mguu kimevunjika mahali pawili. Kambi haikuwa hata na bendeji. Wenzetu wakamkimbiza hospitali kwa gari letu, mimi nikabaki na mizigo.

Asubuhi saa kumi na mbili nilirudi kwenye ngazi zile na simu yangu. Juu rangi ya kijani, safi kabisa. Nikabonyeza kipande kilichobaki kwa kidole gumba, kikaingia kama mkate uliolowa chai. Mchwa walishamaliza kazi yao, kilichokuwa kimebaki ni rangi tu. Lakini kilichonichoma roho ni mbao mbili za juu yake: mpya, vichwa vya misumari bado vinang'aa. Kwa hivyo fundi alishaitwa pale! Mtu aliona ngazi zinaoza, akabadilisha mbili, zilizobaki akazipaka rangi zifanane na zile mpya, akaendelea kupokea wageni. Kufikia saa tatu ubao wa nne nao ulikuwa umewekwa mpya. Bahati nzuri nilikuwa nimeshapiga picha.

Meneja akaniandikia: "Pole sana madam. Kama mlivyotia sahihi, kila mgeni anawajibika kwa usalama wake." Nikamuuliza kama wana bima ya wageni. Ameusoma ujumbe, hajajibu mpaka leo.

Sikilizeni, mimi sikatai kuwajibika. Ukiingiza jiko la makaa ndani ya hema ukafunga zipu, moshi ukikuua, usimlaumu mwenye kambi. Ukilewa ukajikwaa kwenye kamba za hema lako, kosa ni lako. Mwaka 2019 mafuriko ya ghafla yaliua watu 7 kwenye korongo la Hell's Gate, na tangu hapo mimi siteremki korongo lolote kabla ya kuuliza mvua inanyesha wapi huko juu. Hatari za porini naziona na nazikubali. Ila ngazi si pori! Ngazi ameijenga yeye, anailipisha yeye, na kuoza kwake alikuwa anakujua yeye peke yake. Ningejichunga vipi na kitu alichokificha kwa rangi?

Nimeketi na sheria usiku kucha. Sura ya 34 ya Sheria za Kenya, ile ya wajibu wa wenye majengo na viwanja (Occupiers' Liability Act), inamtaka anayemiliki au kusimamia mahali achukue tahadhari ya kutosha ili mgeni awe salama kwa lile lililomleta. Inasema pia kwamba onyo peke yake halimwokoi mwenye mahali, isipokuwa kama lilitosha kumfanya mgeni awe salama. Sasa kibao cha "Ingia kwa hatari yako" pale langoni kingemsaidia nini mtu aliye kwenye ngazi gizani? Ni kweli sheria hiyo hiyo inaruhusu wajibu kupunguzwa kwa makubaliano, na hapo ndipo fomu zao zinapojishikilia. Lakini Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mlaji haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya fidia akiumia kwa sababu ya kasoro ya huduma. Nitaomba mahakama iniambie kama sahihi ya kuharakishwa gizani inaifuta haki hiyo.

Dada yangu anauza mitumba Gikomba. Kazi yake ni ya miguu: kuamka alfajiri, kuwahi "kamera", yaani nguo bora zinazochaguliwa kwanza, mtumba ukifunguliwa, kusimama mpaka jioni. Leo amelala na plasta, kibanda kimefungwa, kodi inaendelea. Sitaki "pole sana madam". Nataka bili ya hospitali na siku zake za kazi zilipwe.

Kama nawe uliumia mahali kama hapo ukaambiwa "ulitia sahihi", madai ya uzembe lazima uyafungue ndani ya miaka 3 tangu siku ya ajali. Mahakama ya Madai Madogo inapokea madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na unaweza kujisimamia bila wakili. Mimi Jumatatu niko mahakamani Milimani, na picha za ngazi ile nimezichapisha, ya ubao wa nne ikiwa juu kabisa.