LDL imeshuka ghafla, trigliseridi zimepanda: mgonjwa wa influenza, nirudie kipimo lini?

TabibuWaZamu
Wakuu, habari za kazi. Mgonjwa ana miaka 52, hatumii dawa yoyote. Miezi mitatu iliyopita (zote mg/dL): kolesteroli jumla 214, HDL (kolesteroli "nzuri") 46, trigliseridi (mafuta ya kwenye damu) 140, LDL (kolesteroli "mbaya") 140. Juzi, siku ya tano ya influenza yenye homa kali: jumla 142, HDL 29, trigliseridi 290, LDL 55. Sukari ya kufunga 128, CRP (kiashiria cha uvimbe mwilini) 64 mg/L. Mwenyewe kafurahia LDL yake. Maabara wamekosea? Na hiyo sukari niiite kisukari? Nina wengine pia walio kwenye statini (dawa za kushusha kolesteroli), nao wakiugua nifanyeje?

MaabaraKwanza
Hesabu zinafungana mkuu: 142 − 29 − (290 ÷ 5) = 55. Ila hiyo LDL imekokotolewa, haikupimwa. Fomula hiyo, ya Friedewald, huishusha kupita ukweli kadiri trigliseridi zinavyopanda, na zikivuka 400 usiitumie kabisa. Toa HDL kwenye jumla: zamani 168, sasa 113. Kwa hiyo kushuka kupo kweli, ila si kwa kiasi unachokiona hapo kwenye LDL.

Muulize pia kama alifunga kweli. Asiyeweza kula mara nyingi hunywa vitu vya sukari usiku kucha, halafu anasema hajaweka kitu mdomoni.

DktNdani
Haya ndiyo maambukizi yanavyofanya. Virusi vikishambulia njia ya hewa, kinga inamwaga saitokini, yaani protini zake za kupeleka ujumbe (TNF, IL-1, IL-6), na ini linabadili kazi. Seli za mafuta zinavunja akiba, asidi za mafuta zinamiminika kwenye ini, nalo linazifungasha ndani ya VLDL (chembe zinazobeba trigliseridi) na kuzirudisha kwenye damu. Wakati huohuo kimeng'enya cha kuondoa trigliseridi, lipoprotini laipesi, kinalegea. Zinazoingia nyingi, zinazotoka chache.

HDL ina shida yake. Ini linatoa amiloidi A (protini ya wakati wa ugonjwa) kwa wingi, inaingia kwenye chembe za HDL na kuisukuma nje apoA-I, protini kuu ya HDL. Kwa hiyo HDL si tu imepungua, hata hiyo 29 iliyobaki haifanyi kazi yake vizuri. Kwenye korona, HDL na LDL za chini ziliendana na ugonjwa mkali zaidi.

Kwa hiyo mgonjwa asifurahie 55. Utafiti wa Ontario, Kanada, uliotoka 2018, ulikuta hatari ya shambulio la moyo ni takriban mara sita ndani ya siku 7 baada ya influenza kuthibitishwa. Akilalamika kubanwa kifua, fanya ECG (kipimo cha umeme wa moyo), usiseme ni kikohozi.

Sukari: kortisoli na adrenalini zimepanda, insulini haisikilizwi. 128 imevuka 126, lakini usimwandike kisukari kwa kipimo cha siku ya homa. Pima HbA1c, inabeba wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3, siku tano haziisogezi sana.

Mfamasia_K
Walio kwenye statini waendelee, namba ya LDL isiwe sababu ya kuacha. Sababu halali ni mwingiliano wa dawa. Nirmatrelvir yenye ritonavir (dawa ya korona) haiendi na simvastatini, mojawapo ya statini: simvastatini isimamishwe angalau saa 12 kabla, siku zote 5 za matibabu, na siku 5 baada ya hapo. Klaritromaisini (antibayotiki) nayo haiendi na simvastatini. Influenza yenyewe huumiza misuli, kwa hiyo maumivu peke yake hayakuambii kitu. Mkojo ukigeuka kahawia, pima CK (kimeng'enya kinachovuja misuli ikiharibika) siku hiyohiyo.

Wa kisukari wanaotumia dapagliflozini au empagliflozini (dawa za kutoa sukari kwa mkojo) waziache wakishindwa kula: ketoasidosisi (damu kujaa asidi za ketoni) huja hata sukari ikiwa karibu na kawaida. Metformini iachwe akitapika au kuharisha sana. Insulini ya msingi haiachwi.

TabibuWaZamu
Shukrani. Kurudia sasa?

MaabaraKwanza
Mafua mepesi, wiki 2 hadi 3 baada ya kupona. Nimonia au aliyelazwa, miezi 2 hadi 3. Huyu wako mpe wiki sita, afunge saa 9 hadi 12 kwa sababu ya zile 290, na upime CRP siku hiyohiyo: ikiwa bado iko juu, ahirisha. Ila trigliseridi zikifika 500 usisubiri wiki hizo. Hapo unaogopa kuvimba kwa kongosho.