Asubuhi sukari nzuri, HbA1c 9%: tumfundishe nini mgonjwa?

Wakuu, habari za kazi. Nina wagonjwa wa kisukari aina ya 2 wanaoleta madaftari yamejaa 6.2, 6.8, 6.5 mmol/L za asubuhi kabla ya kula. Ukipima HbA1c (kipimo cha damu cha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3) unakuta 9%. Stripu za kupimia sukari wananunua wenyewe, kwa hiyo ni chache. Nawafundishaje kujiamulia mambo bila kungoja tarehe ya kliniki?

Jibu 1
Mkuu, hapo sukari inapanda baada ya mlo, na saa hiyo hakuna anayepima. Zihamishe stripu. Apime kabla tu ya chakula cha mchana, kisha baada ya saa 2 kupita tangu tonge la kwanza, siku 3 kwa wiki. Ni stripu 6. Pembeni aandike alichokula na kiasi. Ikivuka 10, abadili kitu kimoja tu: ugali upungue hadi ukubwa wa ngumi yake, mchicha na maharage viongezeke, halafu apime tena mlo uleule. Akibadili vitu vitatu kwa mpigo hatajua kipi kimesaidia. Na tuache kuwaambia "acha ugali, kula dona", maana dona nayo ni ugali na inapandisha.

Jibu 2
Kabla ya yote, apime mbele yako. Utakuta kidole kina maji ya embe, au spiriti haijakauka, au kopo la stripu linakaa wazi na unyevu umeingia. Anawe kwa sabuni, akaushe, achome ubavuni mwa kidole. Angalia na damu pia: upungufu wa madini ya chuma unaweza kuipandisha HbA1c, selimundu inaweza kuishusha.

Jibu 3
Naongezea la usalama. Anayetumia glibenclamide (kidonge cha kushusha sukari) asipunguze chakula kabla hujapitia dozi yake. Na ajue hili kwa moyo: hakuna mlo, hakuna kidonge hicho. Ikishuka chini ya 4, au akitetemeka na kutoka jasho, anywe sukari vijiko 3 vya chai kwenye maji, apime baada ya dakika 15, arudie kama bado, kisha ale. Hata akipata nafuu aende kituoni, kwa sababu dawa hiyo hukaa mwilini na sukari inaweza kushuka tena baada ya saa kadhaa. Mfundishe na anayeishi naye, kwani aliyechanganyikiwa hawezi kujikorogea sukari.

Muuliza swali
Asante sana. Na wanaotumia metformin, kidonge kingine cha kisukari, je?

Jibu 3
Anywe pamoja na chakula. Akitapika au kuharisha sana aisimamishe na aje kituoni. Namba nzuri si sababu ya kuiacha.