Bunge la Marekani linaweza kumzuia Rais asipigane vita? (hoja za mdahalo)

Kalamu_Nyeusi
Wakuu, nina mdahalo. Hoja ni kwamba sera ya nje na mkakati wa usalama wa Marekani viko mikononi mwa Rais peke yake, nami nimepangwa upande unaounga mkono. Nimesoma Mkakati wa Usalama wa Taifa wa 2017 na wa 2022 mwanzo hadi mwisho, lakini kila nikiutumia kama ushahidi naona haunipi cha kushika. Katiba inasema Bunge ndilo linalotangaza vita, na mara ya mwisho lilitangaza 1942. Baada ya hapo kuna Korea, Libya, Yemen. Wapinzani najua watakuja na Sheria ya Madaraka ya Vita ya 1973. Niwajibu vipi?

Mpekuzi
Hati ya mkakati iweke pembeni. Sheria ya Goldwater-Nichols ya 1986 inamtaka Rais aipeleke bungeni kila mwaka, lakini siku hizi hutoka mara moja katika muhula, na hakuna anayeadhibiwa. Haigawi hata dola moja. Kabla haijatoka inapita kwenye wizara zote, kila moja inahakikisha eneo lake limetajwa, mwisho kila kitu kinakuwa kipaumbele. Inakuonyesha utawala unavyotaka kueleweka, basi. Ukitaka kujua utafanya nini, angalia bajeti na vikosi viko wapi.

Kuhusu sheria ya 1973, watu wengi wanaisoma nusu. Rais akiingiza majeshi vitani atoe taarifa bungeni ndani ya saa 48. Siku 60 zikipita bila idhini lazima aondoe majeshi, na anaweza kuongeza siku 30 za kuyaondoa salama. Inavuja sehemu mbili.

Kwanza, saa yenyewe. Siku 60 zinahesabiwa kuanzia taarifa ya kifungu cha 4(a)(1). Marais wanaandika taarifa bila kukitaja kifungu hicho. Ford pekee ndiye aliyekitaja, 1975, kuhusu meli ya Mayaguez iliyotekwa na Kambodia, na wakati huo mapigano yalikuwa yameshakwisha. Libya 2011 ndiyo mfano wako bora: mashambulizi yalianza 19 Machi, siku 60 tangu taarifa zikaisha 20 Mei, operesheni ikaendelea hadi Oktoba. Serikali ya Obama ilijitetea kwamba hakuna askari wa ardhini, hakuna Mmarekani aliyekufa, hatari ya vita kupanuka ni ndogo, kwa hiyo huo si "uhasama" unaotajwa na sheria.

Pili, kufuli limevunjwa na mahakama. Sheria iliandikwa hivi: mabaraza mawili ya Bunge (Seneti na Baraza la Wawakilishi) yakipitisha azimio la kuamuru majeshi yarudi, imekwisha, Rais hasaini chochote. Mwaka 1983, kwenye kesi ya Chadha, Mahakama Kuu ya Marekani ikasema Bunge haliwezi kutengua uamuzi wa serikali bila kumpelekea Rais asaini. Tangu hapo azimio la maana ni lile linalopita mezani kwake, naye ana kura ya turufu. Tazama Yemen 2019, azimio la kuondoa majeshi ya Marekani kwenye vita hivyo:
- Seneti, 13 Machi: 54 kwa 46, limepita.
- Baraza la Wawakilishi, 4 Aprili: 247 kwa 175, limepita.
- Trump, 16 Aprili: turufu.
- Seneti, 2 Mei, kutengua turufu: 53 kwa 45. Zilitakiwa theluthi mbili.

Maseneta wote 100 wakiwepo, Rais anahitaji 34 tu upande wake ili vita iendelee. Hesabu hiyo iandike ubaoni.

BahariKuu
Naongezea kwa Mpekuzi. Watakuambia maazimio haya yana njia ya haraka, uongozi hauwezi kuyakalia. Kwa Seneti ni kweli: kamati ikichelewa siku 10, mleta azimio anaomba litolewe kwenye kamati, na kura 51 zinatosha, huhitaji zile 60 za kuvunja uzuiaji wa mjadala. Kwenye Baraza la Wawakilishi mambo ni mengine. Muswada mkubwa kwa kawaida unaingia ukumbini na kanuni yake ya mjadala, na kanuni hiyo inaweza kubeba chochote ndani yake. Novemba 2018 azimio la Yemen lilivuliwa kipaumbele (haki ya kupigiwa kura haraka) ndani ya kanuni ya muswada wa mbwamwitu. Naam, mbwamwitu, wanyama wa porini. Desemba wakarudia mchezo uleule kwenye kanuni ya muswada wa kilimo, kura 206 kwa 203. Mbunge aliyepiga kura ya ndiyo siku hiyo anaweza kurudi jimboni na kusema hajawahi kupiga kura kuhusu Yemen.

Usisahau pia idhini ya Septemba 2001, ile ya Bunge ya kutumia jeshi dhidi ya waliohusika na mashambulizi ya Septemba 11. Kiini chake ni maneno 60. Haitaji nchi, haitaji kundi, haina tarehe ya mwisho. Imekuja kutumika hata dhidi ya kundi la IS mwaka 2014, ambalo wakati huo lilikuwa linapigana na al-Qaeda.

Bi_Hoja
Kalamu, hawa wamekupa silaha nzuri, lakini neno "peke yake" kwenye hoja yako ndilo litakalokumaliza. Ningekuwa upande wa pili nisingegusa kabisa sheria ya 1973. Ningekwenda kwenye fedha.

Angalia tofauti. Kwenye azimio la kuondoa majeshi, Rais akikaa kimya vita inaendelea, na Bunge ndilo linalohangaika kutafuta theluthi mbili. Kwenye bajeti kibao kinageuka: bila sheria hakuna fedha, na Rais ndiye anayehangaika kutafuta wingi wa kura. Juni 1973 Nixon alipiga turufu muswada uliokata fedha za kuipiga mabomu Kambodia. Bunge likatishia kukibandika kifungu hicho kwenye muswada wa fedha za kuendesha serikali nzima, na mwaka wa fedha ulikuwa unaisha siku chache mbele. Akakubali tarehe ya mwisho, 15 Agosti, na mabomu yakakoma siku hiyo. Somalia ni hivyohivyo: baada ya askari 18 kuuawa Mogadishu Oktoba 1993, Bunge liliandika kwamba fedha za operesheni zinakoma 31 Machi 1994.

Turufu nayo si ukuta. Sheria ya vikwazo dhidi ya Afrika Kusini ya makaburu, 1986: Reagan aliikataa, Seneti ikamtengua 78 kwa 21. Vikwazo dhidi ya Urusi vya 2017 vilipita 98 kwa 2 na 419 kwa 3, Trump akasaini huku akinung'unika, na ndani yake kuna kifungu kinachompa Bunge nafasi ya kupitia uamuzi wowote wa kuvilegeza. Na tangu sheria ya ulinzi ya mwaka wa fedha 2024, Rais hawezi kuitoa Marekani NATO bila theluthi mbili ya Seneti au sheria ya Bunge.

Kalamu_Nyeusi
Bi_Hoja umenitisha. Hilo la fedha nalijibuje? Na mauzo ya silaha je, nako Bunge lina nguvu?

Mpekuzi
Usikatae kwamba mkoba wa fedha upo, onyesha kwamba haufunguliwi. 24 Juni 2011 Baraza la Wawakilishi lilikataa kuidhinisha operesheni ya Libya, 123 kwa 295. Siku hiyohiyo likakataa kupunguza fedha zake, 180 kwa 238. Halikutaka kuibariki, halikutaka kuizuia. Mifano ya Bi_Hoja ya kukata fedha ina kitu kimoja: wananchi walikuwa wameshachoka na vita. Kwa vita vya ndege na droni, ambako majeneza hayarudi, huo uchovu hauji.

BahariKuu
Silaha. Kwa nchi ya kawaida, serikali inalitaarifu Bunge siku 30 kabla ya kukubali kuuza zana kubwa za kivita za dola milioni 14 au zaidi, au mkataba wa silaha na huduma wa milioni 50. Kwa NATO, Japani, Australia, Korea Kusini, Israel na New Zealand ni siku 15, na viwango ni milioni 25 na 100. Bunge linaweza kupitisha azimio la kukataa, lakini nalo linapigwa turufu. Halijawahi kufaulu kuzuia mauzo kwa njia hiyo. Mei 2019 serikali ilitangaza dharura na kuruka muda wa kusubiri kwa mauzo 22, ya takriban dola bilioni 8.1, kwa Saudi Arabia, Falme za Kiarabu na Jordan. Bunge likapitisha maazimio matatu, yote yakapigwa turufu.

Breki inayofanya kazi haimo kwenye sheria. Kabla ya taarifa rasmi, Wizara ya Mambo ya Nje huwapitishia rasimu wenyeviti wa kamati za mambo ya nje na viongozi wa chama chenye viti vichache kwenye kamati hizo. Mmoja akisema "subirini", kwa desturi mauzo yanasimama, wakati mwingine miezi mingi. Ila hiyo ni desturi tu, serikali ikiamua kuipita inaipita.

Bi_Hoja
Hapo nakubali. Wakikuletea Ukraine kama mfano wa udhibiti wa Bunge, uwe tayari. Rais ana mamlaka ya kutoa silaha moja kwa moja kwenye maghala ya jeshi, kikomo cha kawaida dola milioni 100 kwa mwaka. Kwa mwaka wa fedha 2022 Bunge lilikipandisha hadi bilioni 11. Halafu Juni 2023 Pentagon ikatangaza kwamba ilikuwa imethamini silaha zilizotolewa kwa bei ya kununua mpya badala ya thamani iliyobaki kwenye vitabu, na tofauti ni bilioni 6.2. Zikarudi kwenye kikomo, Rais akapata nafasi ya kutoa silaha zaidi bila kura mpya. Upande wako utumie hilo mapema, kabla hawajafika kwenye Kambodia.